Tupeane uzoefu: umewahi kufuata kijito porini, bila njia, hadi kwenye maporomoko?

Mleta uzi: Wadau, sizungumzii maporomoko yenye geti, ngazi na muuza soda. Nataka yale ambayo mwenyeji anakwambia "fuateni maji tu". Naanza mimi. Milima ya Uluguru, Morogoro, upande wa kijiji cha Kinole. Mwanzoni ni migomba na midalasini, mbele njia inakufa, mnabaki ndani ya kijito. Mnarukaruka juu ya mawe msilowe. Mtu akishateleza mara moja anaacha maringo, anatembea majini. Adui ni yale mawe meusi yanayong'aa, yana ute kama bamia. Kijana aliyetuongoza alivaa katambuga, zile ndala za matairi, na hakuteleza. Sisi wenye viatu vya bei tulikuwa tunatambaa. Mahali fulani akasimama, akachota maji kiganjani, akayatazama. Yalishaanza kuwa mekundu, na majani mabichi yanaelea. Kwetu jua linawaka! Akasema, "Juu kumenyesha, tupande ukingoni." Tukanung'unika. Hata hatujafika ukingoni, jiwe tulilokuwa tumelikalia halionekani tena. Maporomoko tuliyaona kesho yake.

Mdau wa Mang'ula: Huku Udzungwa msijaribu hayo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, unaingia na mwongozaji, na tembo na nyati wanapita mabonde hayo hayo. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 na njia yake ipo. Pandeni hiyo.

Msee wa Nyeri: Huku kwa misitu ya Aberdare shida ni thabai, mmea wa kuwasha. Unateleza, unashika mmea wa ukingoni usianguke, kumbe ni thabai! Mimi hubeba glavu za shamba. Na maji ni baridi mpaka miguu inakufa ganzi.

Mpanda milima: Kushuka hupotei, vijito vyote vinarudi mto ule ule. Kazi ni kupanda: kila makutano lazima uchague. Mzee mmoja kule Lushoto alinifundisha kufunga fundo la nyasi upande niliopita. Ila mwamba ulioukwea kirahisi, kuushuka ni habari nyingine, bebeni kamba.

Mgeni jukwaani: Kuogelea je, pale chini?

Mleta uzi: Kama juu kumenyesha, usithubutu, maji hushusha magogo na mawe. Kiangazi kaa pembeni, mbali na yanapodondokea. Wengine waliotembea Usambara mbona kimya? Leteni zenu, sisi Kinole tunarudi Septemba.