Kitabu cha mazoezi cha watoto: nichape, niuze PDF au niachane nacho?

MwalimuSilabi

Habari za humu wakuu. Nimepitia nyuzi za wenzetu wanaojichapishia riwaya na vitabu vya ujasiriamali, lakini za vitabu vya watoto wa awali sijaziona, na nadhani shida zetu si zilezile. Riwaya inasomwa. Cha kwangu kinaandikwa, kinafutwa, kinapakwa rangi, kinalaliwa na kiwiko. Ila kila ninayempelekea kazi ananihudumia kana kwamba nimeandika riwaya.

Kina kurasa 48: kufuatisha herufi, silabi kuanzia ba be bi bo bu mpaka zile ngumu za mb na ng', kisha kuhesabu hadi 20. Nimekijaribu na watoto ninaowafundisha, wamekipenda. Wanaonisumbua ni watu wazima.

Herufi za kufuatisha niliziweka kijivu hafifu ili mtoto apitishe penseli juu yake. Kwenye kompyuta zinapendeza. Zilipochapwa zimetoka kama vumbi la chaki, kingo zimechakaa, mtoto hajui mstari uko wapi. Mchapaji anasema faili ndilo liko hivyo. Halafu fonti niliyotumia, ya herufi za nukta nukta, haina ritifaa (kile kialama cha juu kwenye ng'), kwa hiyo ng'ombe ametoka na kisanduku kitupu katikati yake.

Kampuni ya mtandaoni inayochapa nakala moja moja kwa oda inabana kwa gundi tu. Kitabu hakilali. Mtoto wa miaka 5 anashika ukurasa kwa mkono mmoja, anaandika kwa mwingine, na ukurasa bado unamrudia usoni. Tena kurasa zangu za rangi ni 6 tu, lakini gharama inapigwa kana kwamba zote 48 ni za rangi.

Kuna hili sasa, sijui nicheke au nilie. Mwalimu wa shule fulani alinunua nakala moja, akatoa fotokopi darasa zima, kisha akanipigia kwa furaha kabisa kunishukuru na kuulizia kitabu cha pili kinatoka lini. Na kuna mzazi aliyenipa nyota 1 mtandaoni. Sababu: "mtoto amekimaliza, sasa mdogo wake hana pa kuandika."

Kwa aliyepita njia hii: nibaki na kuchapa kwa oda, nichape mzigo wangu mwenyewe, au niuze PDF?

FundiKurasa

Mwalimu, mimi naandaa mafaili kabla hayajaingia mashineni, kwa hiyo nikujibu ya upande wangu.

Mashine haina wino wa kijivu. Ina mweusi tu, na kijivu inakitengeneza kwa kutawanya vitone vidogo vyeusi na kuacha weupe katikati. Kwenye picha kubwa jicho halivioni. Kwenye mstari mwembamba wa herufi vitone havitoshi kuchora ukingo, ndiyo hilo vumbi lako. Mchapaji hajakudanganya, ila angeweza kukwambia mapema. Dawa ni kuacha kijivu kabisa: weka nyeusi asilimia 100, lakini mstari uwe mwembamba wa vipande vipande, au herufi iwe na mwili mtupu na ukingo mwembamba, mtoto apite ndani yake. Na uhakikishe weusi huo ni wa wino mweusi peke yake. Faili likiwa la rangi za kioo cha kompyuta, weusi unaweza kugeuzwa mchanganyiko wa wino nne, na zisipokaa sawasawa herufi inatoka na kivuli.

Kubana: kurasa 48 zinagawanyika kwa 4, kwa hiyo pini za katikati zinakufaa. Kinafunguka na kulala. Gundi waachie wenye riwaya. Spairo ni nzuri zaidi kwa mtoto, ila waya, kama pini, hauna mgongo wa kuandika jina, kitabu kinapotea kwenye rafu.

Karatasi usikubali ya kung'aa hata ukipewa bure. Penseli inateleza, kifutio kinapaka. Gramu 80 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba) isiyo na mng'ao inatosha kwa penseli. Kama kuna kupaka rangi kwa kalamu za wino, omba gramu 100, la sivyo rangi itatokea nyuma na kuharibu zoezi la upande wa pili.

Ritifaa iazime kwenye fonti nyingine au ichore mwenyewe. Na kabla ya yote soma leseni ya hiyo fonti ya nukta. Nyingi za bure ni kwa matumizi binafsi, na kitabu cha kuuza si matumizi binafsi.

MamaKaratasi

Pole dada. Mimi karatasi nilishaachana nazo, nauza PDF. Usidhani huku ni peponi. Mteja anachapa kwenye printa yake ya nyumbani, printa haifiki ukingoni, basi namba za chini zinakatwa anakulaumu wewe. Acha pambizo ya milimita 15 pande zote. Na kama wateja wako wapo nchi mbalimbali, kumbuka A4 ni milimita 210 kwa 297, lakini Marekani wanatumia karatasi pana kidogo na fupi zaidi, 216 kwa 279. Ukurasa uliojazwa mpaka chini kwenye A4 ukichapwa kule, ama unakatwa ama unasinyaa, na ukisinyaa mistari ya kuandikia inakuwa midogo kwa vidole vya mtoto.

Kusambazwa kwenye makundi ya wazazi kupo, hukuzuii. Mimi naweka jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa. Haizuii kitu, ila mtu anaona aibu kidogo kurusha faili lenye jina lake.

Lakini huyo mwalimu wa fotokopi umemsoma vibaya. Huyo ni mteja ambaye hujamtengenezea bidhaa. Darasa zima, halafu anataka cha pili! Mwandikie kibali cha shule: PDF moja, ruhusa ya kudurufu kwa darasa lake kwa mwaka mmoja, bei yake kubwa kuliko nakala moja na ndogo kuliko nakala za darasa. Kurasa za rangi zitengeneze upya kwa nyeusi na nyeupe, maana shule haidurufu rangi.

Na yule wa nyota 1 muuzie PDF. Mdogo mtu atapata pa kuandika.

Kobe77

Mtandaoni kumejaa, mkuu. Kila mtu na programu yake anatema vitabu vya kufuatisha herufi usiku kucha. Amazon wenyewe mwaka 2023 waliweka kikomo cha vitabu vipya 3 kwa siku kwa kila akaunti. Vitatu kwa siku! Wewe na kimoja chako utaonekana wapi? Uza kwa walimu mkono kwa mkono.

MwalimuSilabi

@FundiKurasa asante sana, mchapaji angenieleza nusu ya hayo nisingegombana naye. @MamaKaratasi la kibali sikuwa nimeliwazia, nilibaki na hasira tu. @Kobe77 vitabu hivyo nimeviona. Kimoja kinamfundisha mtoto kuandika "a" yenye kofia juu kama ya gazetini, ambayo hakuna mtoto anayeiandika kwa mkono. Hilo programu haijui.

ShotoHalisi

Naomba niingize moja. Mimi ni wa mkono wa kushoto na binti yangu pia. Vitabu hivi vyote vinaweka herufi ya mfano mwanzoni mwa mstari, kushoto. Binti akianza kuandika, mkono wake unaifunika. Anaandika kwa kukumbuka, si kwa kuangalia. Mwalimu cha kwako kikoje?

MwalimuSilabi

Kiko hivyohivyo, kama vyote. Mfano nitauweka juu ya mstari, katikati, wote wauone. Ila hapo mistari ya ukurasa itapungua, kwa hiyo kurasa zitafika 52. @FundiKurasa, nikitoa cha pini na cha spairo, namba ya ISBN (ile ya kutambulisha kitabu) ni moja au mbili? Na nikirekebisha ritifaa baadaye?

FundiKurasa

52 inagawanyika kwa 4, uko salama. ISBN mbili, kwa sababu kila umbo la kitabu linahesabiwa peke yake. Ukirekebisha makosa madogo tu ya chapa unabaki na ileile, lakini ukibadilisha mazoezi yenyewe hilo ni toleo jipya na linataka namba mpya.

Kabla hujalipia mzigo, mwombe mchapaji akuchapie ukurasa wa ng' peke yake, kwenye mashine ileile na karatasi ileile. Mpe mtoto penseli na kifutio, aandike, afute, aandike tena. Ukitoboka, badilisha karatasi.

ShotoHalisi

Huo ukurasa wa ng' ukiwa tayari nitumie PDF. Binti yupo.