Baba ni mvuvi, fomu ikamhesabu kama mwenye mshahara

Nina hasira ambayo nimekaa nayo tangu mwaka 2024. Mdogo wangu alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, mwaka 2023, akapata nafasi katika chuo kikuu cha umma, kisha mfumo mpya wa serikali wa kufadhili masomo ya chuo kikuu, unaopanga familia kwa bendi kulingana na pato, ukamweka katika Bendi ya 3, yaani kundi la familia zinazopata kati ya shilingi 23,670 na 70,000 kwa mwezi.

Baba yetu ni mvuvi huku Pwani, na mvuvi hana mwezi unaofanana na mwingine. Msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, huleta nyumbani hata shilingi 30,000. Kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili, kuna wiki ambazo dau halitoki kabisa, na mwezi ukiisha na shilingi 8,000 tunamshukuru Mungu. Fomu ya kuomba ufadhili ilitaka pato la mwezi kwa kiasi kimoja tu. Mdogo wangu alipomwuliza, mzee, ambaye hajazoea kulia shida mbele ya wanawe, alitaja pato la mwezi mzuri, na hilo ndilo lililoandikwa. Ukijumlisha mwaka mzima na kugawa kwa kumi na mbili, unapata kama 19,000, ambayo ni Bendi ya 2.

Tofauti hiyo inaumiza. Mdogo wangu alipopangiwa bendi, familia ya Bendi ya 2 ilitakiwa kulipa asilimia 10 ya gharama ya kozi, na ya Bendi ya 3 asilimia 20. Kwa kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka, ni 30,000 dhidi ya 60,000, mbali na mkopo wa asilimia 30 ambao kijana atakuja kuulipa mwenyewe. Kabla ya mfumo huu kuanza mwaka 2023, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Hebu niambieni, mwenye 23,600 na mwenye 23,700 wanatofautiana nini dukani, hata huyu wa pili adaiwe mara mbili?

Sipingi maskini kusaidiwa zaidi. Sisi ndio hao maskini. Ninalopinga ni kipimo kilichoshonwa kwa mtu mwenye hati ya mshahara, kisha akavishwa mvuvi, mama mboga na fundi wa mjengo, katika nchi ambayo wafanyakazi wengi wako katika sekta isiyo rasmi. Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mfumo huu unakiuka Katiba, nasi tukafurahi. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na bendi zikabaki palepale.

Tulikata rufaa ya kubadilishiwa bendi, tukaambatisha barua ya chifu na nakala za daftari la mauzo ya samaki kutoka BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wetu, za miezi kumi na miwili. Hatujajibiwa hadi leo, na baba ameuza mashine ya dau ili kijana asizuiwe kufanya mtihani. Sasa anavua kwa tanga, kwa hiyo hata zile 30,000 za kaskazi hatutaziona tena.

Kama kuna mzazi au mwanafunzi ambaye rufaa yake ilikubaliwa, tafadhali aeleze aliwasilisha hati zipi na alijibiwa baada ya muda gani.