"Starboard": ubao wa nyota au ubavu wa usukani?

Mwanagenzi wa Kilindini
Hodi jamani. Ninatafsiri maagizo ya usalama ya kubandikwa kwenye mashua zinazofunga Bandari ya Kale, Mombasa, na karatasi nzima imejaa neno starboard. Kamusi zinanipa "upande wa kulia wa meli", basi. Nauliza haya. Neno limetoka wapi? Nikilipasua napata nyota na ubao, na kuna wanaoshikilia kwamba mabaharia wa zamani walisimama upande huo kutazama nyota. Kwa nini upande wa pili huitwa port, na vitabu vya zamani vinaandika larboard? Na je, naweza kuandika goshini na demani, maneno ya majahazi ya kutaja pande za chombo, ili wazee wa majahazi wasipate taabu?

Kamusi Mkononi
Nyota haimo kabisa, ndugu. Ni neno la Kiingereza cha Kale, stēorbord, lenye vipande viwili: stēor, yaani usukani, na bord, yaani ubao na pia ubavu wa chombo. Maana yake ni ubavu wa usukani. Kitenzi steer cha leo ni cha ukoo huohuo. Ile steer nyingine, ng'ombe dume aliyehasiwa, ni neno mbali. Sauti tu zimegongana.

Ushahidi wa maandishi ni mkongwe. Mwishoni mwa karne ya 9, zama za Mfalme Alfred wa Wessex huko Uingereza, Mnorwe aitwaye Ohthere alisimulia safari yake ya kaskazini, na masimulizi hayo yakaingizwa katika tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya historia ya Orosius. Anasema kwa siku tatu aliiacha nchi tupu upande wa steorbord na bahari kuu upande wa bæcbord. Fungua ramani ya Norwei uone: anayepanda kaskazini kando ya pwani ile ana nchi kavu mashariki, kulia kwake.

Mbona usukani uwe kulia? Vyombo vya kaskazini ya Ulaya wakati huo havikuwa na usukani wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, kama majahazi yetu. Vilikuwa na kasia pana lililofungwa ubavuni, karibu na tezi. Itazame meli ya Gokstad, iliyofukuliwa Norwei mwaka 1880: kasia lina tundu, limebanwa kwenye kibonge cha mti kilichopigiliwa ubavuni, na kichwani limechomekwa kana, yaani mti wa kugeuzia usukani, inayoingia ndani ya chombo hadi mkononi mwa msukani. Watu wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo kasia likakaa huko. Kiswahili kilipita njia iyo hiyo: sisi tuliuita upande kwa mkono tunaotumia kulia chakula, wao wakauita kwa mkono unaoshika usukani.

Kosa la nyota lilizaliwa na matamshi. Mwishoni mwa Zama za Kati sauti er ilifunguka ikawa ar katika maneno mengi ya Kiingereza: derk ikawa dark, ferre ikawa far, sterre ikawa star. Sterbord nayo ikabebwa na mkondo huo ikawa starboard. Aliyekuja baadaye akaona nyota mahali ambapo hapakuwa na nyota.

Jambo la pembeni: bord hiyohiyo ilikuwa pia meza, na ndiko ilikotoka "bodi" ya wakurugenzi, watu wanaoketi meza moja. Bodi la gari halihusiani nayo. Hilo limetoka kwenye neno la Kiingereza body, yaani mwili.

Tezi na Omo
Naongezea upande wa kushoto, maana historia yake ina mikasa zaidi.

Bæcbord ni ubavu wa mgongo: msukani akishika kana iliyo kulia, mgongo unaelekea kushoto. Kiingereza kililitupa neno hili, lakini Kiholanzi bado kina bakboord, Kifaransa bâbord na Kireno bombordo. Badala yake Waingereza wakaanza kusema ladeborde, ubavu wa kupakilia. Sababu ni ya kazi. Ukifunga gati kwa ubavu wenye kasia, kasia linabanwa kati ya chombo na ukuta na kuvunjika, hivyo shehena ilipitia kushoto. Neno likavutwa na mwenzake likawa larboard.

Hapo ndipo balaa lilipo. Piga kelele starboard na larboard dhidi ya upepo, sikio linabaki na mwisho tu, na mwisho wa maneno yote mawili ni mmoja. Port, yaani upande wa bandarini au wa mlango wa shehena, lilikwishatumika kwa miaka mingi kabla ya kupewa hadhi rasmi. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza litumike peke yake mwaka 1844, na la Marekani likafuata mwaka 1846.

Angalia tarehe ukisoma masimulizi ya zamani. Amri ya usukani ilihusu kana, siyo omo, yaani mbele ya chombo. Ukiisukuma kana kulia, ubapa wa usukani unakwenda kushoto na omo inageuka kushoto. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 amri iliyotolewa kwenye Titanic ilikuwa starboard, na meli ikageuka kushoto kama ilivyokusudiwa. Wanaosema msukani alikosea hawajui desturi hiyo. Uingereza iliibadilisha mwaka 1933 na Marekani mwaka 1935; tangu hapo amri inataja upande ambao omo inaelekea.

Mwanagenzi wa Kilindini
Shukran sana nyote. Kwa hiyo goshini na demani niweke?

Mshika Kana
Usiweke mahali pa starboard, mwanangu. Goshi ni pembe ya chini ya tanga upande wa mbele na kamba yake, kwa hiyo goshini ni upande unakotoka upepo. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, na upande unakokwenda upepo. Vyote vinafuata upepo. Ukibisha tu, yaani ukigeuza chombo upepo uje ubavu mwingine, goshi inahamia ubavu wa pili. Starboard haihami hata upepo uzunguke mara kumi.

"Kulia" peke yake nayo ina mtego. Mtu anayekupa maboya ya kujiokolea akiwa ameelekea tezi, kulia kwake ni kushoto kwa chombo. Andika mara moja juu ya karatasi: "Kulia na kushoto humu ni vya chombo, ukiwa umeelekea omo", kisha tumia "ubavu wa kulia" na "ubavu wa kushoto" hadi mwisho.

Rangi: kijani kulia, nyekundu kushoto. Kila taa ya ubavuni huangaza nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 22.5 nyuma ya katikati ya ubavu. Kosa la kawaida ni kuifunga taa bila kizuizi upande wa ndani. Inavuka mstari wa omo, na anayekuja mbele anaona rangi iliyo nje ya nafasi yake. Chombo kisichofika mita 20 kinaruhusiwa taa moja iliyogawanywa rangi mbili. Honi: mlio mmoja mfupi, kama sekunde 1, ni "nageuka kulia", miwili, "nageuka kushoto", mitatu, "mashine inarudi nyuma".

Tezi na Omo
Usisahau maboya ya kuonyesha njia ya meli. Katika mfumo wa kimataifa wa maboya hayo Kenya iko Kanda A: ukiingia Kilindini kutoka bahari kuu unaliacha jekundu kushoto na la kijani kulia. Ukitoka ni kinyume. Kanda B, yaani mabara ya Amerika, Japani, Korea na Ufilipino, nyekundu ndiyo ya kulia unapoingia, kwa hiyo usinakili mchoro wa kijitabu cha Marekani.

Mwanagenzi wa Kilindini
Na feri za Likoni zenye milango miwili, ubavu wa kulia ni upi?

Mshika Kana
Taa hufuata mwendo. Feri ikianza kurudi, ncha iliyokuwa tezi inakuwa omo, na kijani lazima iwe kulia kwa mwendo huo mpya.

Mwanagenzi wa Kilindini
Nimeandika hivi: "Ukiona chombo kinakukatiza ubavuni kulia, taa yake ikiwa nyekundu, mpishe."

Mshika Kana
Sawa kwa vyombo viwili vya mashine. Kwa matanga pekee kanuni ni nyingine, na hapa ndipo maneno yako yote mawili yanapohitajika: "Vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, chenye goshi ubavu wa kushoto kikipishe chenye goshi ubavu wa kulia. Goshi zikiwa ubavu mmoja, kilicho goshini kikipishe kilicho demani."