Jino la binti yangu lilirudishwa, sasa limekuwa la kijivu. Ling'olewe?

Mama Nasra:
Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 8. Mwezi uliopita alianguka na baiskeli, jino la mbele la juu, lile la ukubwani, likatoka zima na mzizi wake. Nikaliokota mchangani, nikalitia kwenye kikombe cha maziwa, mbio kwa daktari wa meno. Akalirudisha na kulifunga waya pamoja na meno jirani. Baada ya wiki 2 waya ukatolewa. Tangu juzi jino ni la kijivu, na kwenye fizi juu yake pana kipele kama punje ya mtama. Nikikibonyeza kinatoa majimaji meupe. Mwenyewe hasikii maumivu. Jirani anasema ling'olewe tu. Nifanyeje?

Tabibu wa Kinywa:
Pole sana mama, na yale maziwa ulifanya la maana. Mzizi una utando unaoushikiza kwenye mfupa, na ukikaa kavu saa nzima unakufa.
Rangi peke yake isingenitisha. Kipele ndicho kinachonitisha: hiyo ni njia ya usaha, kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa, kimekufa. Kutoumwa kusikupe moyo, kiini kilichokufa hakiumi. Kwa umri wake ncha ya mzizi bado iko wazi, damu inaweza kupenya, ndiyo maana nadhani daktari hakukisafisha kiini mapema, alingoja aone kama damu itarudi ndani. Sasa uchafu uliomo unafanya mwili uanze kuula mzizi, na kwa mtoto wiki chache tu zinatosha kuharibu. Mpeleke kesho apigwe eksirei, kiini kisafishwe, iwekwe dawa. Kipele usikibonyeze tena. Na chanjo ya pepopunda je, iko sawa?

Baba Pacha:
Usikubali ling'olewe haraka, dada. La mwanangu liligandamana na mfupa, yeye anarefuka, jino limebaki juu, halishuki na wenzake. Daktari alikata kichwa cha jino akauacha mzizi ndani ili mfupa usisinyae. Jino la bandia la kupandikiza kwenye mfupa linangoja taya imalize kukua.

Mama Nasra:
Tumetoka huko. Eksirei imeonyesha mzizi umelika kidogo ubavuni. Wamesafisha, wameweka dawa, chanjo anazo. Tunarudi baada ya wiki 4.

Tabibu wa Kinywa:
Vizuri. Kipele kikitokea tena, usingoje hizo wiki 4.