Klachi ya haidroliki kwenye gari la mwaka 1968

Binamu: Shikamoo Mjomba, na salamu kwenu nyote. Lile gari la mwaka 1968 nimeliondolea waya wa klachi na kulifungia haidroliki, yaani klachi inayosukumwa kwa oili: masta silinda ya inchi 5/8 juu, inayosukumwa na pedali, na silinda ya inchi 7/8 chini, inayosukuma klachi. Pedali ni laini mno, lakini gia ya rivasi inasaga kila ninapoiingiza, ingawa nimetoa upepo mpaka oili ikatoka bila povu hata kidogo.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Kabla hujanunua kifaa kingine, pima mwendo wa fito ya silinda ya chini mtu mwingine anapokanyaga pedali hadi mwisho. Pima pia bastola ya masta inasogea kiasi gani.

Dada Mkubwa: Mjomba, kwa nini tusianze na klachi pleti yenyewe, ile inayounganisha injini na giaboksi? Huenda ndiyo iliyokwama.

Mjomba: Inawezekana, hasa gari likikaa muda mrefu pleti ikashikana na flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kutu, lakini kuikagua kunadai kushusha giaboksi, ilhali kupima kunadai rula tu.

Binamu: Bastola ya masta inasogea milimita 30, na fito ya chini milimita 13. Uma wa klachi, ule unaosukumwa na fito hiyo, unahitaji takribani milimita 20 ili pleti iachie kabisa.

Mjomba: Basi jibu limeshapatikana. Oili inayosukumwa juu ndiyo hiyo hiyo inayofika chini, kwa hiyo mwendo hutegemea uwiano wa maeneo ya bastola, yaani kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Kwa masta ya inchi 5/8, milimita 30 za juu huzaa kama 15 chini, nawe hata hizo huzipati zote. Masta ya inchi 3/4 itakupa karibu 22. Pedali itakuwa nzito zaidi, na hilo halikwepeki, kwa sababu unachopata kwenye mwendo unakilipa kwa nguvu ya mguu. Ulaini ule uliokufurahisha ndio uliokuwa dalili ya kwanza.

Dada Mkubwa: Na hizo milimita 2 zilizopotea ziko wapi? Masta kubwa haitaziba pengo tusilolijua.

Mjomba: Swali zuri sana. Mtu akanyage pedali huku wewe ukilitazama bati ambalo masta imefungwa. Magari yaliyoundwa kwa waya hayakuimarishwa mahali hapo, na mara nyingi bati linajipinda kuelekea injini badala ya kuisukuma oili.

Binamu: Ni kweli, bati linavimba na kurudi, na rangi imeanza kupasuka kuzunguka bolti.

Mjomba: Weka pleti ya chuma upande wa ndani, uiunganishe na mabano ya pedali. Kisha hakikisha nipo (skrubu ndogo yenye tundu) ya kutolea upepo iko juu ya silinda, kwa maana silinda ikifungwa kichwa chini hubakiza hewa hata oili inayotoka ionekane safi. Kama masta hiyo ilitengenezwa kwa breki za dramu, angalia isiwe na vali ya kubakiza presha, kwani itaiacha beringi ya klachi, ile inayosukumwa na uma, ikisugua muda wote.

Dada Mkubwa: Nimeona pia zipo silinda za duara zinazokaa ndani ya giaboksi. Je, hizo si bora?

Mjomba: Hazina uma wala fito, nami nazikubali pale ambapo nje hakuna nafasi. Ila mpira wake ukivuja, giaboksi lazima ishuke. Ile ya nje unafunua kifuniko cha vumbi kwa kidole, ukikuta unyevu umejua.

Binamu: Nitaimarisha bati kwanza, nipime tena, ndipo nibadilishe masta. Oili nitatumia ile ya breki, DOT 4.

Mjomba: Sawa, ila usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Na fito ya pedali iachie mwanya mdogo kabla haijaigusa bastola, la sivyo oili haitarudi kwenye kopo lake la akiba, na klachi itaanza kuteleza injini ikipata moto.

Binamu: Nimekuelewa, Mjomba. Vipimo vipya nitavileta hapa baada ya kulifunga bati.