Nyambizi ikiwa juu ya maji usiku: kuelekeza omo kwa adui au kuzamisha sitaha?

Nahodha wa Mbagala: Wakuu, katika Silent Hunter III, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005 wa nyambizi za Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, ambao bado ninaucheza kila wikendi, ninataka kuukaribia msafara wa meli usiku bila kuonekana. Ninalinganisha njia mbili: kuielekezea meli inayoulinda msafara omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, au kushusha chombo mpaka maji yafunike sitaha na mnara pekee ubaki juu. Ipi ni bora?

Mvuvi wa Kunduchi: Omo, mkuu. Nyambizi ya aina ya VIIC ina urefu wa mita 67 na upana wa mita 6 tu, kwa hiyo ukimpa adui ubavu unajionyesha zaidi ya mara kumi. Ukishusha chombo unapoteza pia ule mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 17 na ushei, na mlinzi akikugeukia huna pa kukimbilia.

Binti Kigamboni: Ndugu zangu, mwezi mmeusahau. Simameni Coco Beach mbalamwezi inapochomoza: ngalawa iliyo kati yenu na mwezi huonekana nyeusi tii, mlingoti na matengo yote, ilhali iliyo nje ya njia ile ya mwanga haionekani ila kwa taa yake. Mwacheni adui awe upande wa mwezi nanyi mkae gizani, hata kama itawalazimu kuuzunguka msafara kwa saa nzima.

Mzee wa Upanga: Binti amenena. Otto Kretschmer, nahodha wa nyambizi wa Ujerumani, alishambulia hivyo, usiku na juu ya maji, mwaka 1940. Lakini kuanzia 1941 meli za ulinzi za Uingereza zilianza kufungwa rada ya mawimbi ya sentimita, na rada haijali giza. Kuzamisha sitaha ninakushauri tu unapouvizia msafara kwa mbele, kwani ukigunduliwa unakuwa umekwisha kuanza kuzama.

Nahodha wa Mbagala: Nimejaribu jana. Nilikaa gizani, omo mbele, mwendo mdogo ili povu la nyuma lisinisaliti, nikarusha torpedo mbili. Nilipogeuka kuondoka, taa za kumulika zikaniangukia ubavuni.

Mvuvi wa Kunduchi: Uligeuka umechelewa. Subiri mlinzi akupe tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ndipo ugeuke, kisha umwonyeshe tezi yako nyembamba kama ulivyomwonyesha omo.