Je, miaka yangu saba ya Italia imepotea?

Kutoka: Ndugu yenu wa Bremen

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni wote.

Naomba msaada wa mawazo kwa waliotangulia. Nilifika Italia mwaka 2011, nikafanya kazi miaka saba kwenye kiwanda cha chuma karibu na Brescia. Nikapata kibali cha ukaazi wa muda mrefu, nikahamia Uholanzi, miaka mitatu kwenye ghala la maua. Sasa nimetimiza miaka minne Bremen, niko bandarini. Pasipoti yangu bado ni ya Tanzania.

Wiki iliyopita niliingia ofisi moja ya ushauri hapa mjini. Kijana wa kaunta akaniambia kwamba kwa kuwa mimi si raia wa nchi yoyote ya Ulaya, miaka ya Italia nisiihesabu, na kwamba Ujerumani bila kutimiza miaka mitano ya michango hupati pensheni. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Miaka saba mbele ya tanuru! Kuna mwenye kujua ukweli wa jambo hili?

Kutoka: Shangazi wa Charleroi

Marahaba mwanangu. Kwanza tulia. Miaka yako haijapotea. Aliyekwambia hivyo hajui, au bado yuko kwenye sheria za kabla ya 2003.

Umoja wa Ulaya una kanuni inayounganisha hifadhi ya jamii ya nchi wanachama, namba 883 ya mwaka 2004. Kwa sisi wenye pasipoti za nje ipo nyingine, namba 1231 ya mwaka 2010, inayosema kanuni ile ya kwanza ituhusu na sisi. Masharti yake: uwe unaishi kihalali katika nchi mwanachama, na mambo yako yasiwe ya nchi moja tu. Wewe umevuka mipaka mara mbili, na kwa kibali. Umo.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Ujerumani inadai miezi 60 ya michango ndipo ikufungulie mlango. Wewe unayo 48. Siku ukiomba, ofisi ya pensheni ya Ujerumani huwauliza wenzao wa Italia na Uholanzi: huyu kwenu ana muda gani? Wanajumlisha, mlango unafunguka. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi hudhani pesa zote huhamishiwa nchi moja. Hazihamishwi. Ujerumani itakulipa kwa muda uliochangia Ujerumani. Uholanzi, ambako kila mwaka wa kuishi au kufanya kazi kabla ya uzee hukupa asilimia 2 ya pensheni ya msingi, itakulipa ya miaka yako mitatu. Italia kwa kawaida inadai miaka 20 ya michango, kwa hiyo miaka unayoendelea kuifanya hapo bandarini inakusogeza kuifikia 20 hiyo, halafu Italia itakulipa kwa saba yako. Umri wa kustaafu ni wa kila nchi, kwa hiyo usishangae moja ikianza kulipa kabla ya nyingine. Na unaomba mara moja tu, huko unakoishi. Wao ndio wenye kuandikiana.

Siongei ya kusikia. Nilifagia ofisi usiku miaka sita Lille, kisha nikahudumia wazee majumbani miaka 19 hapa Charleroi. Kila mwezi zinaniingilia pesa mbili, ya Ufaransa na ya Ubelgiji. Ile ya Ufaransa ni ndogo, lakini ni jasho langu na limenifuata hadi huku.

Sasa niruhusuni niseme lililo moyoni, maana vijana wengi wanadhani mambo haya yalishuka tu kutoka Brussels kama mvua. Mimi ni mtoto wa mchimba madini wa Kipushi, karibu na Lubumbashi. Siku ya kwanza kuiona minara ya chuma ya mgodi wa Bois du Cazier, pale Marcinelle, hapa hapa Charleroi, moyo ulinidunda kama nimerudi nyumbani. Leo ni makumbusho. Ule ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe, na wengi waliochimba walikuwa wageni kama sisi.

Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji zilikubaliana: Italia ilete wanaume 50,000, Ubelgiji iiuzie makaa. Watu kwa makaa. Walipofika, wengi waliwekwa kwenye mabanda yaliyokuwa ya mateka wa vita. Tarehe 8 Agosti 1956, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mita 975 chini ya ardhi, toroli halikuingia sawasawa kwenye kizimba cha lifti. Kizimba kikapandishwa hivyo hivyo, chuma kikakata bomba la mafuta na nyaya za umeme. Moto ukawaka, moshi ukajaa njia zote. Walikufa watu 262. Waitalia 136, Wabelgiji 95, waliobaki wa mataifa mengine kumi. Wake zao walisimama getini siku baada ya siku, wameshika vyuma vya geti.

Nchi sita zilizokuwa zimeunganisha makaa na chuma chao ziliitisha mkutano wa usalama wa migodi, na mwaka 1957 zikaunda chombo cha pamoja cha kuusimamia. Mazungumzo ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wahamiaji yalikuwa yameanza kabla ya moto. Desemba 1957 mkataba wake ukatiwa saini Roma, na Septemba 1958 ukageuzwa kuwa Kanuni namba 3 ya Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, mama wa Umoja wa leo. Namba 3! Jumuiya yenyewe haijatimiza mwaka, na tayari wamekubaliana kwamba miaka ya mtu aliyevunjika mgongo Ubelgiji isife akirudi kwao Italia.

Wakimbizi na wasio na uraia waliingizwa tangu zamani. Mimi mwenyewe nilipitia mlango huo. Wageni wengine walingoja hadi Juni 2003. Hiyo ni aibu, na tuiseme. Lakini mlango ulifunguka, mwanangu, na huyo wa kaunta hana mamlaka ya kukufungia.

Kutoka: Baba Watatu, Rotterdam

Shangazi, Mungu akuweke. Naongeza machache ya kujihadhari.

Denmark haimo kwenye kanuni ya 1231, na Uswisi pia. Mwenye pasipoti ya nje aliyefanya kazi huko aulize kwanza, asijipe matumaini. Kazi ya chini chini, ile ya kulipwa mkononi bila karatasi, haihesabiwi popote. Kuna ndugu zetu wamechuma nyanya kusini mwa Italia misimu mingi na hawana hata siku moja iliyoandikwa.

Jambo lingine kubwa. Ukiondoka Ulaya moja kwa moja, unaweza kukuta Ujerumani inakuruhusu kuomba kurudishiwa michango. Msikimbilie. Wanarudisha ile sehemu iliyokatwa kwako tu, ya mwajiri inabaki, na miaka yako yote ya hapo inafutwa.

Halafu karatasi. Slipu za mshahara, mikataba, taarifa za mwaka. Mimi naziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na watoto wanajua kwamba nyumba ikiwaka moto, baada ya watu kutoka, kopo ndilo linalofuata.

Kutoka: Mkaazi wa Malmö

Nashukuru kwa elimu. Lakini kuyaita haya mshikamano wa nchi za Ulaya kunanipa shida. Mwaka 2015 nchi za Umoja ziliamua kugawana wakimbizi 160,000 kutoka Italia na Ugiriki, na baadhi zikakataa wazi. Niliona watu wamelala kwenye sakafu ya stesheni ya treni. Tusizipambe kuliko zilivyo.

Kutoka: Dada wa Rimini

Kaka wa Malmö, ulichokiona ni kweli na hakuna wa kukubishia. Acha nami nieleze nilichokiona.

Machi 2020 hoteli ninayofanyia kazi ilifungwa. Vyumba 80, tukatandua vitanda vyote siku moja, tukazima friji za jikoni, tukaacha milango yake wazi zisipate ukungu. Nilidhani ndio mwisho. Lakini nililipwa sehemu ya mshahara kupitia *cassa integrazione*, mfuko wa serikali wa wafanyakazi waliosimamishwa. Baadaye nikajua kwamba nchi za Umoja zilikuwa zimedhaminiana ili Tume ya Ulaya ikope hadi euro bilioni 100 na kuzikopesha nchi zilizolemewa ziwalinde wafanyakazi. Mpango wenyewe uliitwa SURE. Italia ilichukua zaidi ya bilioni 27. Mfuko haukuuliza pasipoti yangu ni ya wapi. Nililipa kodi ya nyumba, na mama Tanga akapata dawa zake.

Na wewe wa Bremen: tafuta *patronato*. Ni ofisi za vyama vya wafanyakazi vya Italia, zipo hata Ujerumani kwa sababu Waitalia wenyewe walikwenda huko kutafuta kazi. Hawatozi pesa kwa mambo ya pensheni, na si za Waitalia peke yao. Watakutolea taarifa ya michango yako kutoka INPS, shirika la pensheni la Italia.

Kutoka: Ndugu yenu wa Bremen

Shikamoo Shangazi, na asanteni wote. Nimesoma barua zenu nikiwa zamu ya usiku, nikazirudia mara tatu.

Nilipata ofisi ya *patronato*. Mama mmoja wa makamo alinipokea, akaniambia baba yake aliletwa kufanya kazi ya kutengeneza meli hapa hapa. Taarifa ya Italia imetoka: miezi 81 ipo, mitatu haipo, Juni hadi Agosti 2014. Nilikuwa kazini miezi hiyo, nakumbuka joto lake. Nimempigia rafiki tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja Brescia, sanduku langu bado liko darini kwake. Amenipigia picha: slipu ya Juni na ya Julai zipo, ya Agosti imeliwa na unyevu, lakini jina langu na mhuri vinasomeka. Jumanne saa tatu asubuhi narudi nazo. Pia nimeomba ofisi ya pensheni ya hapa ihakiki rekodi yangu yote, pamoja na ya Uholanzi.

Baba Watatu, kopo nimenunua.

Kutoka: Shangazi wa Charleroi

Hiyo ya Agosti ipige picha pande zote mbili kabla hujaitoa mkononi, na uombe risiti. Ukitoka hapo Jumanne tuandikie.